Nyasi Mbili Mkononi mwa Babu Yako

Aneth, mama yangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko jikoni na mama yako na shangazi zako, mnakoroga loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando kwa ajili ya watu wa jioni, na kila baada ya muda unacheka kile kicheko chako kinachokatika ghafla. Mimi niko chumbani, nimefunga mlango. Nimewaambia wote kwamba naandaa neno la kusema kwenye maombi ya kukuaga, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ni saa tisa alasiri, mvua imenyesha ikakatika, na basi lako la Nairobi linaondoka kesho alfajiri. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda zizini mara mbili kuangalia ng'ombe ambao hawana shida yoyote. Kalamu ya kwanza ilikataa kuandika. Hii ya pili ni ya kanisa, nitairudisha.

Mambo ya kufunga mlango, kutotembea na simu mkononi, kula asubuhi kabla ya kazi, mama yako ameshayasema na ataendelea kuyasema mpaka dereva apige honi. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na linahusu gemu lako. Najua utashtuka kusoma hivyo. Tangu Jumapili ile nilipomwaga ubao wako, hakuna aliyelitaja tena neno gemu ndani ya nyumba hii. Miezi miwili sasa mimi na wewe tunaulizana habari za chumvi na chaja ya simu, basi. Sitaki upande basi tukiwa hivi.

Nianze na lile gemu la kwanza, ulilolichora kwenye boksi la televisheni kabla hujaliingiza kwenye kompyuta. Mchezaji ni mwenye nyumba huku mlimani, zamani za babu yako. Anaamua apande kahawa au aache migomba ienee. Anaamua mtoto aende shule au malishoni. Halafu unakuja ukame, na anaamua ng'ombe wake awahamishie wapi. Ng'ombe walikuwa maharage mekundu. Kila uamuzi ulikuwa na jibu lake: ukipeleka maharage mtoni, kule Mbuguni, yanakufa, ukiyapeleka kaskazini, Oldonyo Sambu, yanapona. Nililipenda sana lile gemu. Nilishinda kila mara, na wageni wakija nilikuwa nawaita mezani niwaonyeshe. Wewe ndiye hukulipenda. Uliniambia, "Baba, watu wanacheza mara moja tu. Wakishajua jibu hawana tena cha kuamua." Nikakujibu kwamba historia ndivyo ilivyo, jibu lake linajulikana.

Jibu lile ulilipata kwangu. Tangu uko darasa la pili nilikusimulia ukame ule mkubwa, jinsi nilivyotazama siafu wakihama na mayai yao, nikatazama wingu lilivyokaa mlimani, nikasema mimi naenda kaskazini. Na jinsi bamdogo wako Elisante alivyokimbilia mtoni kwa kupenda urahisi, ng'ombe wake wakaisha wote. Nikifika hapo nilikuwa natikisa kichwa kidogo, kwa huruma. Hadithi ile nimeisimulia kwenye harusi, kwenye ubarikio wako kanisani, hata kwa yule bwana shamba aliyekuja kutufundisha sisi habari za hali ya hewa. Watu wa ukoo wakitaka kuuza au kununua mnyama wanasema, muulizeni kwanza Baba Aneth, yule anaona mbali.

Halafu wewe ukaenda Kaloleni, kule mjini. Ulikwenda kwa Elisante, kwenye kile chumba anachopanga, ukamkuta barazani na cherehani yake anashona mikanda ya mabegi, ukamuuliza kitu ambacho hakuna mtu wa familia hii aliyewahi kumuuliza: siku ile, kabla hamjajua itakuwaje, mlikuwa mnaona nini? Ukarudi, ukakaa na rafiki yako wa Sokon One anayekusaidia mambo ya kompyuta, mkabadilisha kila kitu. Sasa mchezaji akifika kwenye ukame anasoma kile tu kilichojulikana. Mtoni kuna maji ya uhakika, ila mifugo imerundikana na kupe wapo. Kaskazini ni vumbi, kuna rafiki wa familia atakayekupokea, na mvua hunyesha kwa nadra. Anachagua. Halafu anarusha dadu mbili, na dadu ndizo zinazosema.

Jumapili ile baada ya ibada ukaniwekea ubao mpya. Nilichagua kaskazini bila hata kusoma. Nikarusha. Mama yako akaanza kuondoa maharage yangu moja moja, akasema, "Pole, Baba Aneth, wamekufa." Akacheka. Nikasema nirudie. Nikarudia, wakafa tena. Nikasema gemu linadanganya.

"Halidanganyi, baba," ukasema, kwa upole kabisa. "Kwa yale mliyoyajua siku ile, kaskazini kulikuwa na hatari zaidi. Mto ndio uliokuwa uamuzi mzuri."

"Mimi nilijua."

"Ulijuaje?"

Ulikuwa huna ubaya wowote. Ulikuwa na daftari mkononi, ulitaka kuandika. Siafu waliniishia pale pale, mama. Nikasukuma ubao, maharage yakatawanyika sebule nzima, na kuku aliyekuwa mlangoni akaingia kuyaokota. Nikasema kwamba mtu aliyeshindwa maisha ndiye anayependa habari za bahati. Nikasema ndiyo maana umeacha kazi ya maana ukaja kukaa hapa kuchezea maharage, na kwamba kama unataka hadithi za wajinga uhamie Kaloleni. Nayaandika maneno yale kama nilivyoyasema ili ujue kwamba nayakumbuka.

Nimesimama tena. Nimechungulia dirishani, migomba inadondosha maji, hakuna mtu getini bado. Ngoja nilisemee hapa hapa kabla sijakwenda tena zizini.

Sikuchagua kaskazini.

Hakuna aliyechagua. Ukame ulipofika pale ambapo hata majani ya migomba tuliyowakatia ng'ombe yalikwisha, babu yako alituita zizini, mimi na Elisante. Mimi nilikuwa nimeoa mwaka ule, Elisante alikuwa bado kijana. Mzee alikuwa na ng'ombe ishirini na wanne. Akasema atawagawa mara mbili, nusu waende huku na nusu kule, kwa sababu hajui mvua itaangukia wapi na hakuna mtu anayejua. Ndivyo watu wa zamani walivyokuwa wakifanya ili nyumba isiishe yote kwa mara moja. Akang'oa nyasi mbili pale ukingoni, akazificha kiganjani, ncha zikawa sawa juu. Mrefu ni mtoni, mfupi ni Oldonyo Sambu. Akaniambia mimi mkubwa nivute kwanza.

Nilivuta mfupi.

Kila mtu alijua kaskazini ya mlima ni upande mkavu. Nilikuwa na mke wa miezi minne na nilikuwa nimepewa upande wa kufa. Tulipotoka na ng'ombe alfajiri ya pili nilimvuta Elisante kando, pale njia inapogawanyika, nikamwambia tubadilishane, mzee hatajua. Alifikiri kidogo tu. Akasema, "Ukitaka, kaka, tubadilishane. Mimi sina mke."

Alikuwa tayari, Aneth. Alikuwa ananipa mto. Kumbe mzee alikuwa nyuma yetu na fimbo yake, akasema alichogawa amegawa, kila mtu ashike njia. Na kabla hatujaachana alisema neno lile ambalo nimelikalia maisha yangu yote. Alisema: "Watakaobaki, wakibakia huku au kule, ni wa nyumba hii. Mtakula wote wawili."

Kwa hiyo unaona kazi ya siafu.

Oldonyo Sambu nilipokelewa na rafiki wa mzee, akaniambia, "Nyasi hapa hakuna, ila kaa." Nilikaa. Watatu walinifia wiki ya kwanza. Nilikuwa nakaa chini ya kivuli cha ukuta, namtukana baba yangu kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua. Kisha ikanyesha. Haikuwa majira yake, wenyeji wenyewe walitoka nje wakasimama wanashangaa, ikanyesha siku tisa. Baada ya wiki mbili bonde lote lilikuwa na majani. Nilicheka peke yangu na jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba heri mzee alitusikia pale njiani.

Mtoni kulikuwa na maji muda wote, kama kila mtu alivyojua. Mifugo ya kila mahali ilikwenda pale, na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, ikaingia. Elisante alirudi na kamba na kengele moja. Alitembea kutoka Mbuguni mpaka hapa nyumbani kwa miguu, akaitundika ile kengele kwenye nguzo ya zizi.

Mzee wetu alifariki kabla mwaka haujaisha, kabla hajawagawa wale waliobaki. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa, wakauliza habari za ng'ombe zikoje. Waliniuliza mimi kwa sababu ni mkubwa. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Elisante alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, kofia mkononi. Nikasema, "Kila mtu alipewa wake, akachagua mahali pake."

Ni sentensi moja tu. Sikuwa nimeipanga. Nilimwona Elisante ananitazama, na nikawa nasubiri aseme, nikawa hata natamani aseme ili jambo liishe. Alitazama kofia yake. Nadhani aliwaza nani atamsikiliza mtu aliyerudi na kengele. Mwezi ule ule akahamia mjini. Siku hizi akija hapa anapewa chai, anaulizwa habari za mjini, na mazungumzo ya mifugo yakianza watu wanamgeuzia mgongo bila hata kujua kwamba wanafanya hivyo. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Mama yako amegonga. Anauliza kama neno limekwisha. Nimemwambia bado kidogo.

Nilianza kuyumba pale uliponiuliza ulijuaje, lakini kilichoniangusha ni begi lako. Unakumbuka wiki tatu zilizopita nilichukua lile begi kubwa lenye zipu mbovu nikasema nalipeleka kwa fundi? Ningeweza kulipeleka kwa fundi yeyote. Nililipeleka Kaloleni. Nilimkuta Elisante barazani na mwenye nyumba wake, Mzee Juma, na kati yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, uko ubao wako. Ulikuwa umemchorea wa kwake. Alisimama akaniamkia, "Shikamoo kaka," akanipa kigoda chake yeye akakalia tofali.

"Nimeleta begi," nikasema.

"Liweke hapo. Cheza kwanza. Mwanao ametupa kazi, wateja wakija tunawaambia wasubiri."

Mzee Juma akasogeza maharage. Nilipofika kwenye ukame, sijui ni nini kilinishika, nikachagua mto. Nikarusha. Wakapona wote. Mzee Juma akapiga makofi, akasema huyu naye anaujua mchezo.

"Umeona?" Elisante akasema. "Haukuwa mbaya ule mto."

Hakusema kwa kunichoma. Alikuwa anatazama maharage. Kisha akasema, kama mtu anayeongea na cherehani yake, "Nimeshacheza mara nyingi sana, kaka. Mto unaponya kuliko kule. Miaka yote hii nilikuwa nadhani labda kweli nilikuwa mjinga."

Nilitaka ardhi ipasuke. Mdogo wangu wa damu alihitaji boksi na maharage ya binti yangu kumwambia kitu ambacho mimi nilikijua tangu siku ile na ningeweza kumwambia siku yoyote, kwa nauli ya kushuka mjini tu. Mzee Juma alipoingia ndani kuchukua kahawa nikamuuliza Elisante kama alikueleza habari za nyasi. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni yako kueleza."

Nikaondoka bila hata kuisubiri kahawa. Ukiacha siku mbili za mwanzo, tangu pale silali vizuri, sikai vizuri, mama yako anadhani ni presha.

Sasa nisikilize kama mtu aliyelicheza gemu lako vibaya kuliko watu wote. Dadu zako ni sahihi. Usikubali mtu wa hiyo kampuni ya Nairobi iliyokuajiri akuambie uziondoe kwa sababu wachezaji wananuna wakishindwa baada ya kuchagua vizuri. Waache wanune. Mimi nimenuna na imenisaidia. Na kile ulichofanya cha kumwonyesha mchezaji mambo yaliyojulikana siku ile tu, kishikilie kwa mikono miwili. Ni rahisi sana kuingiza humo kitu tulichokuja kujua baadaye, kidogo tu, wingu hapa, siafu pale, na mara moja aliyepona anakuwa mwerevu na aliyekufiwa anakuwa mjinga. Mimi nimeishi ndani ya udanganyifu huo na ni pazuri, mama, pana chai ya moto na watu wanakusikiliza.

Ila kuna kitu kimepungua katika gemu lako, na huwezi kukijua kwa sababu hakuna aliyekuambia. Dadu zikishasema, aliyepona anaendelea na maharage yake, na aliyefiwa anakaa pembeni anatazama. Umeligawa kundi lakini hukumbuki kwamba lilikuwa la nyumba moja. Weka pale uamuzi mwingine. Yule ambaye maharage yake yamebaki aulizwe: hawa ni wako, au ni wa nyumba? Na hapo usiweke dadu. Hapo mchezaji anaona kila kitu, mvua imeshanyesha, waliokufa wamekufa, ndugu yake amekaa mbele yake na kofia mkononi. Achague akiwa anajua.

Nakusisitizia hilo kwa sababu nilikaribia kujificha ndani ya dadu zako. Niliporudi kutoka Kaloleni nilijiambia, basi, kama yote yalikuwa bahati, nani ana kosa? Mfupi ulikuja kwangu, mrefu ukaenda kwake, ndiyo dunia. Nikalala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikiwa nakamua nikaona kwamba unyasi ulikuwa bahati, na mvua ilikuwa bahati, lakini ile sentensi mbele ya wazee niliitoa kwa mdomo wangu mwenyewe na hakuna mtu aliyerusha kitu chochote.

Na kuna deni lako wewe. Ulipoacha kazi ya uhasibu kwenye ile kampuni ya watalii, mama yako aliniuliza nasemaje. Nikasema ngoja tuone. Unajua maana ya ngoja tuone? Nilikuwa nasubiri matokeo ndipo niamue kama nilikuunga mkono. Barua ya kazi ya magemu kutoka Nairobi ilipokuja, Jumapili iliyofuata nikasimama nje ya kanisa nikawaambia watu, mimi nilimwambia tangu mwanzo, fuata kipaji chako. Ulikuwa umesimama pembeni yangu. Ulisikia. Hukunikosoa, ulitazama viatu vyako, na mimi nikamwona Elisante na kofia yake, nikaendelea kuongea.

Basi niliseme sasa, ingawa nimechelewa. Ulipoacha kazi ile ulikuwa umefikiri vizuri. Ulikuwa na akiba yako, ulikuwa umelijaribu gemu kwa watu, uliwauliza waliokutangulia. Na kama Nairobi wasingekuandikia, ungekuwa umefikiri vizuri vile vile. Hata huko kunaweza kukataa. Kampuni ni ndogo, umesema mwenyewe. Ukirudi na begi lako sitatikisa kichwa, na mtu yeyote akitikisa kichwa mbele yangu atanijua.

Ada yako ya shule ilitoka kwa madume niliyouza kutoka lile kundi. Najua utapiga hesabu hiyo mwenyewe kabla hujafika Namanga, ndiyo maana nakutangulia. Usiibebe. Wewe hukuwa na uamuzi wowote pale. Ni yangu.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako yote. Nilidhani atashangaa. Aliendelea kumenya ndizi, akasema, "Nilijua kuna kitu. Miaka yote ukisimulia ile hadithi unamtazama kila mtu isipokuwa Elisante." Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Akasema aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda zizini.

Jioni hii ukoo wote utakuwa sebuleni. Wakishaimba, kabla ya kuomba, nitasimama. Nitawaambia habari za nyasi na nitawaambia alichosema mzee wetu pale njiani, neno kwa neno. Nitasema kwamba ng'ombe wawili kati ya hawa wanne ni wa Elisante kuanzia leo, na nusu ya kile kishamba cha chini nilichokinunua baada ya ukame. Nitasema kwamba alikuwa tayari kubadilishana. Hilo nataka walisikie kuliko lile la ng'ombe.

Sijui itakuwaje. Nimeigeuza geuza tangu wiki iliyopita. Anaweza kukataa mbele ya watu wote na kuniacha nimesimama. Anaweza kukasirika, na ana haki, sijawahi kumwona akikasirika na sijui ni mtu wa namna gani akikasirika. Wazee wanaweza kuniambia nirudishe na ile kazi ya uzee wa kanisa. Shangazi zako wanaweza kusema nimeharibu siku yako, na hilo ndilo linaloniuma, maana ni siku yako kweli. Nimewaza nisubiri uondoke kwanza. Lakini nimeshasubiri vya kutosha, na nataka uwe pale, kwa sababu wewe ndiye uliyeniuliza.

Elisante akilileta begi lako jioni, barua hii nitaiweka kwenye mfuko wake wa mbele, penye zipu mpya, na nitakuomba uisome ukiwa kwenye basi. Ndani ya bahasha kuna maharage sita niliyoyatoa chini ya kabati leo nikitafuta kalamu. Mengine alikula kuku. Basi likipita Oldonyo Sambu, tazama upande wa kulia, mlima ulipo. Kuna bonde pale. Siku hizi lina nyumba nyingi za mabati, lakini utaliona.

Kitu cha ajabu ni kwamba wewe unayesoma unajua kilichotokea jioni. Umeniona nikisimama, umemwona alivyofanya, unajua kama tulikula pamoja au kama watu waliondoka bila kula. Mimi ninayeandika sijui hata kidogo. Ningependa unipime kwa saa hii, kwa ninachokijua sasa. Sina haki ya kukuomba hivyo, mimi niliyempima mdogo wangu kwa kengele moja, lakini nakuomba.

Nimesikia geti. Ni yeye, kawahi, amebeba begi lako kichwani. Nakusikia unatoka jikoni unakimbia, "Shikamoo bamdogo," na yeye anakuuliza umeshafunga nguo ngapi. Sasa uko naye barazani. Umeingia na begi, yeye amebaki nje. Anapangusa matope kwenye viatu, polepole, kimoja halafu kingine, kama anavyofanya kila akija, akisubiri mtu atoke amkaribishe. Nyumba ya zamani ya baba yetu ilikuwa hapo hapo aliposimama, na yeye amezaliwa humo.

Naacha kalamu. Naenda kumwambia aingie, hapa ni kwao.

Baba yako